MKANDA WA 1979 ULIKAZWA TUMBO LA NANI? (Sehemu ya 4)

Mama zangu wa Tunduma, tuongee ukweli.

Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka. Vita vya Kagera vilipoisha, Mwalimu akasema tufunge mkanda miezi 18. Sabuni na sukari zikaadimika, mwaka uleule Umoja wa Mataifa ulioutangaza kuwa wa Mtoto! Waulizeni bibi zenu.

Wao walitoka vitani. Sisi je? Maharage ya Mbozi yanapakiwa kwenye malori, mtoto anakunywa uji mtupu, halafu kliniki naambiwa, "Nesi, hali ngumu."

Baba, gunia la mwisho haliuzwi! Bakizeni maharage na karanga za mtoto. Udumavu hauishi baada ya miezi 18. Miaka miwili ya kwanza ikipita, kuurekebisha ni kazi ngumu mno.