Uhuru wa Kubadili na Amana ya Jina

Programu ya kompyuta inapotumiwa na watu wengi, huzuka madai mawili yanayoonekana kupingana. Watumiaji wataka isibadilike, ili kazi waliyoiandika jana isomeke vile vile kesho. Mafundi nao wataka ruhusa ya kuirekebisha kwa mahitaji mapya. Nionavyo mimi, yote mawili ni haki, na yaweza kutimizwa pamoja.

Mfano bora ni TeX, programu ya kupanga maandishi ya kuchapwa, hasa yenye kanuni za hisabati. Profesa Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alianza kuiunda mwaka 1977. Mwaka 1990 alitangaza kwamba haitaongezewa jambo jipya. Makosa tu ndiyo yatakayosahihishwa. Hata namba za matoleo yake huikaribia thamani ya pai: toleo la mwaka 2021 ni 3.141592653.

Je, amewafungia wengine mlango? La hasha. Maandishi yote ya programu hiyo yako wazi, na kila mtu aweza kuyatumia apendavyo, kwa sharti moja: atakayeyabadili asiiite kazi yake TeX. Kwa ruhusa hiyo zimezaliwa pdfTeX, XeTeX na LuaTeX, ambazo majina yake yaonyesha nasaba, lakini hayamdanganyi mtu.

Kanuni hii si ngeni kwetu. Kila mtu ana ruhusa ya kusuka kikapu cha ukubwa aupendao, lakini chombo kisichochukua vibaba vinne hakiitwi pishi. Akiitaye hivyo hajatumia uhuru wake. Ameharibu kipimo cha soko zima.

Wapo wasemao kwamba programu isiyokua hufa. Hoja yao ina uzito, kwani kasoro za usanifu wa TeX zitabaki ndani yake daima. Hata hivyo, si lazima mzazi akue ili ukoo uendelee.

Jambo hili lahusu shule pia. Tuseme mwalimu ameandika programu ya kujumlisha alama, na shule jirani ikainakili. Fundi mmoja akibadili namna ya kukadiria desimali na kuliacha jina lile lile, mwanafunzi mmoja atafaulu huku na kuanguka kule, wala hakuna atakayejua sababu. Kwa hiyo, tuwaachie wenzetu uhuru wa kubadili. Nao wabadilipo kazi, hawana budi kubadili na jina.