Mipangilio yako unamwekea nani?

Jamani, huu ugonjwa wa "weka mtandaoni tu" umetoka wapi? Kila nikiwauliza vijana wenzangu wa hapa Shirimatunda wanaotumia Linux wanayatunza vipi mafaili yao ya mipangilio (yale yanayoanza na nukta, yanayoifanya kompyuta iwe yako na si ya muuzaji), jibu ni lile lile: yapo kwenye akaunti, yanakwenda yenyewe. Laptop ikiibiwa unanunua nyingine, unaingia, basi.

Sawa. Na mtandao usipokuwepo? Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, Tanzania ikawa inasuasua. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, mtandao ulizimwa nchi nzima, na siyo kwa saa mbili, kwa siku kadhaa. Mwandishi aliyeharibikiwa na kompyuta siku ile, mipangilio yake ikiwa ng'ambo, afanyeje? Asubiri?

Mimi nasema tumia Git. Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005 kwa ajili ya kazi ya Linux, na wengi wanasahau kwamba haihitaji mtandao. Git siyo GitHub! Kila nakala kamili inabeba historia yote, na ghala lako linaweza kuwa folda kwenye flashi. Ukivuruga kitu leo, unarudi kwenye cha wiki iliyopita. Jaribu hilo na wale mabingwa wa kunakili folda: "mpya", "mpya2", "ya mwisho kabisa". Ukitaka kila faili lionekane mahali pake, ongeza GNU Stow, ambayo inatengeneza viungo tu na kukuachia mambo yako.

Najua mtanitajia chezmoi. Ni nzuri, hasa kwa mwenye kompyuta tatu zisizofanana, na inajua kusimba siri. Lakini mwenye laptop moja ajifunze violezo vyote vile ili iweje?

Halafu siri zenyewe. Funguo za SSH na maneno ya siri visiingie humo bila kusimbwa, kwa sababu Git haisahau: ukifuta leo, ya jana bado yamo kwenye historia. Kwa kazi yetu, faili moja la hovyo linaweza kumfikisha mtu mbaya kwa aliyekupa habari. Na flashi ziwe mbili, moja kwa mtu unayemwamini, siyo zote kwenye begi la laptop (mpo, nawaona).

Anayebisha aniambie siku zile za Oktoba alikuwa anapakua nini, kutoka wapi.