Tuchague Maji Kama Tuchaguavyo Karafuu



Mkulima wa karafuu hahitaji kufundishwa kuchagua. Akikaa juu ya jamvi, mkono wake wenyewe hutenga karafuu safi, makonyo na zilizovunda. Lakini tumeona kuwa wengi wetu, tutengenezapo sabuni na mafuta ya kujipaka majumbani, twachagua nazi, twachagua karafuu, kisha maji twateka popote. Kwa maoni yetu, hapo ndipo kazi nzuri inapoharibika.

Visima vyetu havifanani. Kisima kilichochimbwa katika mawe ya matumbawe hutoa maji magumu, yaani yenye chokaa. Na kilicho karibu na pwani huweza kuingia chumvi. Chokaa hushikana na sabuni ikafanya utando mweupe badala ya povu. Chumvi nayo hulizuia povu, ingawa sabuni ya mafuta ya nazi huistahimili kuliko nyingine. Anayetaka kujua maji yake atie maji ya mvua katika chupa moja na ya kisima katika nyingine, kwa kipimo sawa, atie na kipande sawa cha sabuni, kisha azitikise. Yenye povu jingi ndiyo laini.

Wako wasemao, "Tutayachemsha." Kuchemsha ni kwema, kwani huua vijidudu, na sehemu ya chokaa hugandia sufuriani. Lakini chumvi haitoki. Maji yakipungua, yaliyobaki huzidi chumvi. Kuchuja kwa kitambaa huondoa takataka tu. Na maji ya chupa ya kunywa nayo yana madini yake.

Kwa sabuni, basi, twashauri maji ya mvua. Mvua za kwanza ziachwe zioshe paa, kisha yakingwe katika pipa safi lenye kifuniko, yachujwe na kuchemshwa. Yakipoa, soda kostiki imwagwe kidogo kidogo ndani ya maji. Asithubutu mtu kumwaga maji juu ya soda, kwani huchemka na kuruka machoni.

Mafuta laini ya kopo, yaliyochanganywa na maji, ni jambo jingine. Palipo na maji, ukungu na vijidudu huota, hata kama harufu ya karafuu ingali nzuri. Haya yataka maji ya kukeneka, yaani mvuke uliopozwa ukarudi kuwa maji, pamoja na dawa ya kuzuia kuoza iliyopimwa sawasawa. Tena tuwe na hadhari: dukani, chupa iitwayo "maji ya betri" huenda ikawa ni tindikali. Asiyeweza kuisoma amwulize ajuaye.

Wengine hupenda kutumia maji yanayobaki baada ya kukeneka mafuta ya makonyo. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, hivyo huzama. Lakini ukali wake kidogo hubaki katika maji yale. Yasidhaniwe kuwa ni maji matupu, wala asiogeshwe nayo mtoto mchanga.

Tutaambiwa kwamba mabibi zetu waliroweka singo tangu zamani na hawakudhurika. Ni kweli. Lakini singo huchanganywa leo na kusuguliwa leo. Haikai koponi miezi mitatu ikingoja mgeni ainunue na kuipeleka kwao. Mgeni huyo akilifungua kopo akakuta ukungu, hatasema maji ya fulani yalikuwa mabaya. Atasema karafuu ya kisiwa hiki si kitu. Hasara hiyo itamfika hata mwanachama asiyepata kupika sabuni maisha yake.

Kwa hiyo twatoa rai mbili. Kila kikundi kiwe na pipa safi la maji ya mvua kabla ya vuli kuanza, na maji ya kukeneka yanunuliwe kwa pamoja ili gharama ipungue. Na kikundi ambacho bado hakijapata maji hayo na dawa yake kiuze sabuni, au mafuta ya nazi yaliyogandishwa kwa nta ya nyuki, yasiyotiwa maji hata tone.

Biashara hii tumekwisha ianza wenyewe, na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Basi tuyaoge yaliyo safi.