Kiungo akiondoka Kengeja, jina la Kengeja liondoke naye

Mashabiki wa soka tuna mazoea ya kumpima mchezaji kwa timu alizopita, na zikiwa nyingi tunamtilia shaka. Kiungo akicheza misimu miwili Mtibwa, mitatu Yanga, kisha akasikika yuko Vietnam, vijiweni tunasema hatulii, au hana bahati. Hukumu hiyo naipinga. Mchezaji aliyezaliwa mbali na soko la mpira hana namna nyingine ya kufanya kazi yake ila kuifuata ilipo. La kuuliza si kwa nini amehama, bali je, kila alipohama kulikuwa na karatasi inayoonyesha alikotoka? Swali hilo linawahusu sana watu wa vijiji kama Kengeja, kusini mwa Pemba, ambako mpira unachezwa kila alasiri na daftari la wachezaji ni nadra.

Mtazameni Abdi Kassim, yule tuliyemwita Babi. Ni Mzanzibari, kiungo mwenye shuti kali, na ndiye aliyefunga bao la kwanza katika Uwanja wa Taifa mpya wa Dar es Salaam, Taifa Stars ilipoifunga Uganda 1-0 Septemba 2007. Alicheza Mtibwa Sugar, Yanga na Azam, na nje ya nchi Dong Tam Long An ya Vietnam na UiTM ya Malaysia. Nizar Khalfan wa Mtwara alizunguka zaidi: Mtibwa, Kuwait, Lebanon, Moro United, kisha Vancouver Whitecaps ya Kanada, ambayo mwaka 2011 alicheza nayo katika MLS. Vancouver ilipomwacha alichukuliwa na Philadelphia Union, nayo ikamwachia kabla hajatulia, akarudi nyumbani Yanga mwaka 2012. Kuhama kwao si ushahidi wa tabia mbaya. Mchezaji huhama mkataba unapokwisha, kocha anapobadilika, au timu nyingine inapotoa zaidi.

Nafasi yenyewe ya kiungo inachangia kuhama huku. Mshambuliaji hubeba mabao yake kama cheti, na anayemtaka husoma tarakimu tu. Kazi ya kiungo haisomeki hivyo: anaziba nafasi, anapunguza kasi ya mpinzani, anatoa pasi iliyozaa pasi ya bao. Thamani yake inamtegemea kocha anayejua anachokitaka, na kocha huyo akifukuzwa, thamani inaondoka naye. Mkenya McDonald Mariga, Mkenya wa kwanza kucheza Ligi ya Mabingwa Ulaya, alipita Enköping na Helsingborg za Sweden, Parma na Inter za Italia, Real Sociedad ya Hispania, halafu Latina na Real Oviedo. Januari 2010 alikuwa mbioni kujiunga na Manchester City, lakini alinyimwa kibali cha kazi cha Uingereza, ambacho masharti yake yaliangalia nafasi ya nchi ya mchezaji katika orodha ya ubora ya FIFA. Akaenda Inter, iliyomaliza msimu ule na makombe matatu. Miguu yake ilikuwa ileile siku ya kunyimwa na siku ya kusajiliwa. Kilichoamua aende wapi kilikuwa karatasi.

Sasa turudi Kengeja. Kijana wa huko anaanza na timu ya mtaa, anapanda ligi za vijana, akionekana anachukuliwa na timu ya Chake Chake au Wete, kisha anashuka bandarini Mkoani kupanda boti ya Unguja. Kutoka Unguja ni hatua moja tu kwenda Dar es Salaam. Katika safari hiyo, miaka iliyomjenga ni ile ya mwanzo, kati ya miaka 12 na 17, ambapo kuna mwalimu wa skuli au kaka wa mtaani anayemfundisha kupokea mpira akiwa amefungua mwili, anayemkataza kupiga mbele bila kutazama, anayenunua mpira kwa fedha yake mwenyewe. Miaka hiyo ndiyo isiyoandikwa. Siku kijana akisajiliwa na klabu kubwa ya Bara, fomu yake humtaja kama mchezaji aliyeanzia Unguja, na Kengeja inabaki katika mazungumzo ya barazani.

Hili lina hesabu yake. Kanuni za FIFA kuhusu uhamisho zinasema mchezaji akiuzwa nje ya nchi kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada inakatwa na kugawiwa klabu zilizomlea tangu mwaka anaotimiza miaka 12 hadi ule anaotimiza 23. Kila mwaka kuanzia wa miaka 12 hadi 15 una robo ya asilimia moja ya ada, na kila mwaka kuanzia wa 16 hadi 23 una nusu ya asilimia. Chukua kijana aliyecheza timu moja ya Kengeja tangu akiwa na miaka 12 hadi 17, kisha akaja kuuzwa kwa dola 100,000, ada ya kawaida kabisa katika soka la dunia. Miaka minne ya kwanza inaipa timu ile dola 1,000, na miwili inayofuata dola 1,000 nyingine. Jumla dola 2,000, na akiuzwa tena, mgawo unakatwa tena. Kiungo anayehamahama, yule tunayemlaumu kwa kutotulia, ndiye anayeweza kuilisha timu yake ya utotoni mara nyingi zaidi. Tangu Novemba 2022 FIFA ina chombo chake cha kupokea na kugawa malipo haya, na chombo hicho kinasoma jambo moja tu: kumbukumbu za usajili wa mchezaji. Usipoandikwa, hupo.

Najua pingamizi. La kwanza ni kwamba viungo wetu wengi huondoka wakiwa huru, hivyo hakuna ada ya kukata asilimia. Ni kweli, na safari ya Nizar kwenda Philadelphia ni mfano wake. Lakini ipo pia fidia ya malezi, ambayo kwa kanuni hizohizo hudaiwa mchezaji anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa na anapohamia chama cha nchi nyingine kabla ya kwisha kwa mwaka anaotimiza miaka 23, hata kama mkataba wake wa zamani umekwisha. Ina masharti na misamaha yake, na si kila klabu itadaiwa. Ila hiyo nayo haidaiwi bila kumbukumbu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo linatoka kwa wazazi. Wanaogopa kwamba timu ya kijiji ikishika karatasi, itamshika kijana. Wana haki ya kuogopa. Sote tulifuatilia suala la Feisal Salum, kiungo wa Zanzibar aliyetaka kuondoka Yanga Desemba 2022 akaweka shilingi milioni 112 kuvunja mkataba, kamati ya shirikisho la soka la Tanzania (TFF) ikaamua bado ni mchezaji wa Yanga, na Juni 2023 ndipo alipofika Azam. Hata hivyo, ule ulikuwa mgogoro wa mkataba. Mgawo wa malezi ni kitu kingine: hauipi timu ya utotoni mamlaka ya kuzuia uhamisho, wala hauhitaji idhini yake. Mchezaji anaondoka kama alivyotaka, fedha inafuata baadaye, ikikatwa kwenye ada inayolipwa na klabu inayonunua. Timu ya kijiji itakayojaribu kutumia daftari kama pingu ishtakiwe kwa shirikisho la soka la Zanzibar (ZFF) bila kuonewa haya.

La tatu ni la kisiasa. Zanzibar si mwanachama wa FIFA. CAF, shirikisho la soka la Afrika, iliipa uanachama kamili Machi 2017 na kuufuta Julai mwaka huohuo, na maumivu yale bado hayajapoa. Wapo wanaosema hadi suala hilo litakapotengemaa, kuhangaika na makaratasi ya Pemba ni kazi bure. Mimi naona kinyume. Kwa kuwa mlango wetu wa FIFA ni TFF, kijana wa Pemba ana vituo vingi zaidi ambapo jina la timu yake linaweza kudondoka njiani, kwa hiyo anahitaji kuandikwa mapema na kwa uangalifu kuliko kijana wa Mwanza au Morogoro. Januari 2025 uwanja wa Gombani, Pemba, ulijaa watu, Zanzibar Heroes ikaifunga Burkina Faso 2-1 na kutwaa Kombe la Mapinduzi. Kisiwa kinachoweza kuandaa fainali ya mataifa hakishindwi kusajili watoto wa miaka 12.

Kazi yenyewe haihitaji bajeti ya serikali. ZFF ipeleke fomu za usajili wa vijana hadi kwenye skuli za Mkoani, Kengeja ikiwemo, na ikubaliane na TFF kwa maandishi kwamba kila mchezaji anayevuka kwenda Bara anavuka na historia yake kamili. Viongozi wa timu za Kengeja wasisubiri fomu hizo: cheti cha kuzaliwa, picha, tarehe ya kujiunga na sahihi ya mzazi vinatosha kufungua daftari kabla msimu ujao haujaanza. Na wazazi, mtoto akiitwa Unguja, kabla hajapanda boti, ombeni nakala.