Tumbo Lisilo na Jina

Kijana wa miaka 15 wa Mwazye, wilayani Kalambo, akilalamika kwa wiki tatu kwamba tumbo linamuuma na chakula hakimpiti, hakosi wa kumpa jina la ugonjwa wake. Bibi atasema amelogwa. Mwalimu, ikiwa mgonjwa ni msichana, atashuku mimba. Muuza duka la dawa atasema ni taifodi. Majina matatu, na hakuna hata moja lililotokana na kipimo.

Ni rahisi kwetu wasomi kumcheka bibi. Mkoa wa Rukwa umebebeshwa sifa ya uchawi kwa muda mrefu, na jina lenyewe la Sumbawanga hufasiriwa na wengi kuwa "tupa uchawi". Lakini tuitazame pia taifodi yetu. Kipimo cha Widal, ambacho bado kinatumika nchini, hutafuta kingamwili, si vimelea vyenyewe. Kingamwili hizo huweza kubaki damuni muda mrefu baada ya mtu kupona, au kuchochewa na maradhi mengine. Uthibitisho hasa hupatikana kwa kuotesha damu maabara. Anayemwandikia mtoto antibiotiki kwa jibu moja la Widal anapiga ramli akiwa amevaa koti jeupe.

Wakati huohuo, sababu halisi zinaweza kuwa minyoo, kichocho, vidonda vya tumbo, kifua kikuu cha tumbo, au hata msongo wa mawazo. Minyoo na kichocho cha tumbo hugunduliwa kwa kupima choo kwa hadubini, chombo ambacho si kigeni wala si cha anasa. Mtoto anayekonda, anayetoa choo chenye damu au mwenye maumivu makali upande wa chini kulia hapaswi kungoja dozi ya pili ya kubahatisha, anahitaji rufaa.

Kijana huyu pia ameangukia katikati ya sera zetu. Msamaha wa gharama za matibabu unamtambua mtoto wa chini ya miaka 5 na mama mjamzito. Kampeni za dawa za minyoo huwalenga hasa wanafunzi wa shule za msingi. Wa sekondari hayumo, na aliyeacha shule hayumo kabisa. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote, nami naiunga mkono. Lakini bima hulipia huduma iliyopo, haiumbi isiyokuwepo.

Zahanati ziko chini ya halmashauri. Basi mtumishi anayeandaa bajeti, na mwanaharakati anayeihoji, waulize maswali matatu: zahanati ngapi zina hadubini, ngapi zina mtaalamu wa maabara, na vitendanishi viliisha lini? Bila majibu hayo, kampeni zetu dhidi ya imani za kichawi zitaendelea kumlaumu bibi kwa kujaza pengo ambalo serikali imeliacha wazi.