Besi Huchaguliwa kwa Gumba, Si kwa Jina

Wahenga walinena kuwa mchagua nazi hupata koroma. Methali hii yawaafiki walimu na wanafunzi wanaovinunulia vyama vyao vya muziki gitaa la besi kwa kutazama rangi na jina tu, hasa wanapokusudia kulipiga kwa mtindo wa kofi, yaani kuzigonga nyuzi kwa gumba na kuzifyatua kwa kidole cha shahada.

Mtindo huo una historia yake. Katika miaka ya 1960, Larry Graham, kijana aliyepiga muziki pamoja na mamake huko California, Marekani, alijikuta hana mpiga ngoma. Gumba lake likashika nafasi ya ngoma kubwa, nacho kidole kikashika nafasi ya ngoma ndogo. Basi anayeutaka mtindo huu anatafuta chombo kinachogonga, si kinachovuma tu.

Sisi wanaisimu twaweza kuulinganisha mlio huo na vipasuo kama /p/ na /t/, ambapo pumzi huzuiwa kisha ikaachiliwa ghafla. Huzaliwa uzi unapogonga vyuma vya shingo. Kwa hiyo, nyuzi na ziwe za chuma, tena mpya, kwani zilizochakaa hufifisha mlio. Ziwe karibu na shingo, lakini zisikwaruze. Nafasi baina yake imruhusu mpigaji kupenyeza kidole. Milimita 19 hivi, pale zinapopita kwenye daraja, huwafaa wengi. Aidha, nyuzi 4 zamtosha mwanagenzi.

Jazz Bass ya Fender, iliyotoka mwaka 1960, na StingRay ya Music Man, ya mwaka 1976, zimesifiwa kwa haki. Hata hivyo, sifa hizo si kibali cha kumaliza michango ya wazazi. Gitaa la bei ya wastani, likirekebishwa na fundi stadi na kuvishwa nyuzi mpya, laweza kulishinda lenye jina kubwa lililotelekezwa.

Yamkini wapo watakaodai kuwa mitambo itaficha kasoro. La hasha! Mitambo hukuza kilichopo, kasoro zikiwemo.

Mwalimu, usiende dukani peke yako. Fuatana na mwanafunzi atakayelipiga, alijaribu kwanza bila umeme. Gitaa lisiloitikia gumba lake hapo halifai kununuliwa, hata liwe na jina gani.