Insulini Ishuke Kwanza: Ilani ya Bandarini Bujumbura

Ndugu wa sindano! Mahamali wa bandarini, mama wauza ndagala, wanafunzi wa Buyenzi na Bwiza, wakimbizi mliovuka Rusizi na chupa ya dawa kifuani: zama mpya zimewadia. Tunazitangaza hapa gatini, inaposhuka mizigo ya Kigoma na Mpulungu.

Tunaamini kwamba kisukari cha aina ya kwanza si adhabu, si uchawi, wala hakiletwi na kupenda fanta. Kinga ya mwili imeishambulia kongosho, nayo haitoi insulini tena. Basi. Tukiikosa dawa hii, damu hujaa asidi, na siku chache zinatosha kutuua. Kwetu sisi hatari huanza mapema, siku duka la dawa linapotuambia turudi kesho.

Tunakataa desturi ya kumwachia kila mgonjwa ajiokoe. Imeshindwa. Ilishindwa majirani walipotuwekea vikwazo, Julai 1996 hadi Januari 1999. Ilishindwa Mei 2015, maelfu kwa maelfu walipojazana ufukweni Kagunga wakiingoja meli ya Liemba iwafikishe Kigoma. Ilishindwa 2024, ziwa lilipofura likameza nyumba za Gatumba, na petroli ikawa adimu mjini. Njia ikifungwa, anayebaki na chupa moja hahitaji kusifiwa uvumilivu. Anahitaji chupa ya pili.

Tunakataa uongo unaostawi wakati wa dhiki. Hakuna mzizi, chai wala maji ya baraka yanayoshika nafasi ya insulini. Anayesali na asali, ila achome kwanza. Tunakataa ushauri wa kuacha sindano zote eti chakula hakuna: dozi hurekebishwa, lakini insulini ya msingi haikatwi. Na ukimwona mwenzetu anatetemeka, jasho linamtoka, mpe sukari papo hapo, vijiko vitatu au vinne vya chai ndani ya maji, maadamu anaweza kumeza. Maswali baadaye.

Tunaamini katika maarifa yanayogawiwa wote. Chungu kidogo ndani ya kikubwa, mchanga uliolowa katikati, kitambaa kibichi juu, kivulini penye upepo: umeme ukikatika, dawa inapoa. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva na Madaktari Wasio na Mipaka, wakifuata joto lililopimwa kambini Dagahaley, Dadaab, walionyesha kwamba insulini huhimili joto linalopanda na kushuka kati ya digrii 25 na 37 kwa wiki nne. Basi mkimbizi asinyimwe chupa ya kuondoka nayo kwa sababu hana friji! Shanghai, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Eva Saxl na mumewe walijitengenezea insulini kwa kongosho za nyati. Tunawaheshimu mno. Lakini hatutaki mtoto yeyote wa Burundi adaiwe ushujaa wa namna hiyo.

Tunaamini katika Bujumbura inayokuja. Meli itafunga gati, na sanduku la insulini litashuka mbele ya saruji, mbele ya mafuta. Ghala la baridi linaloendeshwa kwa jua litasimama bandarini, juu kuliko maji yanakofika, likiwa na akiba ya miezi mitatu. Rumonge na Nyanza-Lac zitahudumiwa kwa boti barabara ikikatika. Hayo si makubwa mno: wagunduzi wa insulini waliuachia Chuo Kikuu cha Toronto haki zao kwa dola moja kila mmoja, 1923. Dawa iliyotolewa kwa moyo huo haiwezi kuwa anasa ya wenye friji.

Njooni, ndugu! Kila mtu aandikishe aina ya insulini anayotumia na dozi yake, tujue akiba yetu iwe kiasi gani. Nanyi serikali, wenye meli na wafadhili: anzeni kulijenga ghala hilo kabla ya masika yajayo.